Afadhali Ningekuwa Nayo

Kuna maneno binamu yangu aliyasema mwaka jana tukiwa kwenye foleni ya famasia, mimi nimemshikia mkoba, na mpaka leo sijui ningemjibu nini. Alisema, "Afadhali ningekuwa nayo." Hata hakupunguza sauti. Mama mmoja mbele yetu akageuka, akamkagua kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akarudi kuangalia mbele. Nairobi hakuna mtu anahitaji kuelezwa "nayo" ni nini.

Alikuwa ametoka kupewa majibu ya kipimo cha nne. Hana virusi vya Ukimwi. Hajawahi kuwa navyo. Ila seli zake za CD4 zilikuwa 87.

Kama ulikulia hapa miaka ya 2000, CD4 unaijua hata kama hukuwahi kupimwa. Ilikuwa redioni, kwenye mabango, kwenye maigizo ya shule. Ni seli nyeupe za damu ambazo kazi yake kubwa ni kuziamsha zile nyingine adui akiingia. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 500 hadi 1,500 katika kila mikrolita ya damu, ambayo ni chembe tu ya tone. Zikishuka chini ya 200, vijidudu ambavyo wewe na mimi tunavipumua kila siku bila habari vinaanza kupata mwanya. Hayo tulifundishwa. Tukaachwa pia tuamini kwamba kinachozishusha ni kitu kimoja tu.

Kwake ilianza na kichwa. Yeye ni fundi wa nguo, anakaa kwa cherehani tangu asubuhi, kwa hivyo aliona ni macho yamechoka. Akameza dawa za maumivu za dukani wiki tatu. Halafu akaanza kuona sindano mbili mahali pa moja. Siku alipotapika juu ya kitenge cha mteja ndipo alikubali twende hospitali. Wakamtoa maji ya mgongo, wakakuta kriptokokasi, fangasi anayeishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa. Alikuwa ameshafika kwenye utando wa ubongo.

Madaktari waliomwona mwanzo siwalaumu kwa walichofikiria. Hapa kwetu, mtu mzima akipatikana na fangasi huyo ubongoni, ukibashiri Ukimwi utakuwa sahihi mara nyingi sana. Shida ilianza kipimo kilipokataa. Wakarudia kwa kipimo cha aina nyingine, nacho kikakataa. Wakapeleka damu itafutwe virusi vyenyewe, sio kingamwili tu. Hakuna kitu. Na badala ya kulishuku wazo lao, watu wakaanza kumshuku yeye. Daktari mmoja, wanafunzi wake wamezunguka kitanda, alimwambia asiogope kusema ukweli, ati hapo wote ni watu wazima. Ukweli gani sasa? Damu ilikuwa imeshausema mara tatu.

Aliyetusaidia alikuwa daktari mwingine, kijana, mwenye viatu vimeisha soli. Aligeuza karatasi ya dawa akaandika herufi tatu nyuma yake: ICL. Upungufu wa seli za CD4 usiojulikana chanzo. I ya mwanzo ni ya idiopathiki, neno lenye mizizi ya Kigiriki. Madaktari wakilitumia wanamaanisha "hatujui sababu", lakini ukilivunja unapata idios, yaani cha mtu mwenyewe, na pathos, yaani mateso. Mateso ya mwenyewe. Nilipomwambia binamu alicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Kwa hivyo hii imeshonwa kwa vipimo vyangu," akasema.

Ugonjwa huu una historia fupi na ya ajabu kidogo. Mwaka 1992, kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika Amsterdam, ziliibuka taarifa za wagonjwa wenye dalili zote za Ukimwi na bila virusi vyake. Magazeti yakapata kichaa. Watu waliogopa kwamba kuna virusi vingine vipya vinavyosambaa, na kwamba damu ya kuongezewa hospitalini haiko salama. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kikaweka masharti ya kuutambua: CD4 chini ya 300 katika vipimo zaidi ya kimoja, hakuna dalili ya VVU, na hakuna ugonjwa mwingine au dawa inayoweza kueleza hali hiyo. Kufikia 1993 wachunguzi walikuwa wamewafuatilia wagonjwa hao, wakawapima na watu wao wa karibu, pamoja na waliowachangia damu. Hawakupata dalili kwamba hali hii inaambukizwa. Hofu ikaisha. Na hofu ilipoisha, magazeti nayo yakaondoka.

Wagonjwa hawakuondoka. Taasisi za taifa za afya za Marekani, pale Bethesda, zimekuwa zikiwafuatilia kwa miaka mingi. Ripoti moja iliyotoka 2023 ilihusu wagonjwa 91 waliofuatiliwa kwa miaka 11. Wengine walikuwa na magonjwa ya virusi vya HPV, chunjua zisizoisha na hata saratani. Wengine walipata kriptokokasi kama huyu wetu. Wengine, na hili ndilo linanichanganya, wana namba ya chini na hawaumwi chochote cha maana. Kuna ambao namba hupanda yenyewe bila mtu kufanya kitu. Huwezi kuuangalia huo mgawanyiko ukaona mantiki ndani yake, na familia yetu haikubali kitu kisicho na mantiki.

Shangazi yangu, mama yake, alitaka sababu. Si kwamba ni mjinga. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Lakini ukimwambia mtu wa hesabu kwamba jibu ni "haijulikani", atakwambia basi hujamaliza swali. Wiki ya kwanza sababu ilikuwa mwanamume fulani. Wiki ya pili ikawa vumbi la vitambaa. Wiki ya tatu ikawa mtu wa kule nyumbani ambaye sitamtaja, aliyekataliwa kununua shamba.

Hapo ndipo nilifanya jambo ambalo silijivunii. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa mchango. Pesa zilikuwa zinaingia kwa M-Pesa polepole sana, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia maswali yalikuwa mengi kuliko pesa. Ni nini hasa? Mbona hawasemi? Usiku mmoja nikaandika: ni TB ya ubongo. Ndani ya saa moja nilipokea zaidi ya nilichopata wiki mbili nzima. TB watu wanaielewa. Ina mdudu wake, ina dawa zake, ina tarehe ya kumaliza. Unaweza kuichangia ukijua unachangia kitu gani.

Binamu aliisoma akiwa kitandani. Hakunipigia kelele. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Umenipa ugonjwa wa watu wengine."

Nilijitetea kwamba pesa ilikuwa inahitajika, na kweli ilikuwa inahitajika. Tulilipa bili ya wodi. Lakini nilichofanya, nikikifikiria sasa, ni kile kile alichofanya daktari wa wanafunzi. Yeye alitaka ugonjwa uwe na jina ndipo amwamini mgonjwa. Mimi nilitaka uwe na jina ndipo watu wamsaidie. Wote tulichukulia kwamba mateso yasiyo na maelezo ni mateso nusu.

Tuje kwenye yale maneno ya famasia. Alipotoka wodini aliambiwa ameze flukonazo kila siku ili fangasi asirudi, na Septrin ya kumkinga na vijidudu vingine kwa sababu yuko chini ya 200. Vipimo vya CD4 alifanyiwa kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi, maana ndiko mashine iliko. Ila hakuweza kuandikishwa pale. Hana virusi. Wenye virusi wanapewa dawa bure, wana faili, wana mshauri anayewapigia simu wakikosa siku. Yeye alikuwa anapita katikati ya foleni yao, anatolewa damu, halafu anaenda kununua Septrin kwa pesa yake. Septrin hiyo hiyo ambayo mtaani kwetu ukionekana nayo kila mwezi, watu wameshajaza nafasi zilizobaki. Kwa hivyo alikuwa na aibu yote ya ugonjwa ambao hana, na huduma yake hana hata moja. Afadhali ningekuwa nayo.

Kuna wakati nilitaka kukasirika na kliniki. Sikuweza. Ile kliniki haikuanguka kutoka mbinguni. Ipo kwa sababu watu walizika ndugu zao miaka ishirini, wakaandamana, wakabishana na kampuni za dawa, wakapigiwa hesabu na wafadhili. Kila kidonge cha bure pale kina mtu alikipigania. Ugonjwa wa mtu mmoja hauna maandamano. Na nikiwa waziri, na nina shilingi milioni moja, nitazipeleka kwa watu elfu moja au kwa mmoja? Hesabu ya shangazi ingesema elfu moja, na ingekuwa sahihi. Sijui tu ni nani anafaa kwenda kumwelezea huyo mmoja.

Kisha ikaja habari ya kuongeza kinga.

Unajua hizi chupa. Ziko kwenye matatu, ziko kwenye simu yako, ziko kwa yule rafiki wa shule ambaye ghafla anakuita "kiongozi". Mlonge, mshubiri, tangawizi, kitu cha zambarau kutoka nje. Shangazi alipata moja ya shilingi 4,500 na akataka itoke kwenye mchango. Nikakataa. Nilimwambia pesa ni ya flukonazo, na kwamba ini linalosafisha dawa ndilo hilo hilo litakalosafisha hiyo juisi. Alinijibu, "Wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili ndiyo unanifundisha ini?" Sawa. Aliniweza.

Lakini alikuwa na hoja nyingine iliyonisumbua zaidi. Alisema hata serikali iliwahi kufanya hivyo. Ni kweli. Mwaka 1990 Rais Moi alitangazia dunia Kemron, dawa iliyotokana na utafiti wa KEMRI chini ya Davy Koech. Ilikuwa interferoni kwa kipimo kidogo sana, kidonge cha kuyeyushia mdomoni. Interferoni ni kitu halali. Mwili wenyewe huitengeneza kupashana habari za virusi. Wazo lilikuwa kuichokoza kinga taratibu ili iamke. Wagonjwa walikuja kutoka nje ya nchi. Kisha majaribio yakafanywa kwingine, likiwemo moja la Uganda ambalo matokeo yake yalichapishwa 1998, na faida haikuonekana. Shangazi alikuwa mwalimu kijana wakati huo. Alimnunulia mtu vidonge hivyo, mtu ambaye hajawahi kuniambia ni nani. Nilipomuuliza kama vilisaidia alisema, "Alikuwa na furaha miezi miwili." Sikujua hiyo niihesabu upande gani.

Na ukitaka kuwa mkweli, hata wanasayansi wa Bethesda wanatafuta chupa yao. Tofauti ni kwamba wao wanahesabu. Kuna protini inaitwa intaliukini-7. Mwili huitengeneza kwenye uboho, kwenye tezi ya thaimasi na penginepo, na kazi yake ni kuziambia seli za aina ya T, zikiwemo CD4, ziendelee kuishi na zizaane. Wakaitengeneza maabara, wakawadunga watu tisa wenye ICL chini ya ngozi. Matokeo yalitoka 2016. Seli ziliongezeka kwenye damu, na hata kwenye uboho na utumbo. Mmoja kati ya hao tisa alipatikana na lupasi, ugonjwa ambao kinga inamgeukia mwenyewe, akaondolewa.

Nilimweleza binamu kwa mfano wa tangi la maji la plotini kwao. Asubuhi unakuta liko karibu tupu. Inawezekana maji ya kaunti hayajaja. Inawezekana bomba linavuja. Inawezekana jirani anafyonza usiku. Au maji yapo, ila yamebaki kwenye mabomba ya ndani, hayajafika pale unapopimia. Intaliukini-7 ni kuita boza la maji. Tangi litajaa, ndiyo. Lakini kama bomba limepasuka, umemwagilia ukuta. Kwa baadhi ya wagonjwa wa ICL watafiti wamekuta kingamwili zinazoshambulia seli zao wenyewe. Mtu kama huyo ukimwongezea nguvu ya kinga, unamwongezea nani hasa?

Nikampa na mfano wa pili, ambao niliuona ndio wa kumaliza mjadala. Kwa wenye VVU, waliwahi kujaribu ndugu yake, intaliukini-2. Si watu tisa. Majaribio mawili makubwa, ESPRIT na SILCAAT, jumla ya watu zaidi ya 5,800. Wote walikuwa kwenye dawa za kawaida, na nusu wakaongezewa sindano hiyo. CD4 zikapanda vizuri. Matokeo yalipotoka 2009, waliodungwa hawakuwa wameugua kidogo zaidi wala kufa wachache zaidi kuliko wasiodungwa. Namba ilipanda na maisha yakabaki pale pale, na homa za sindano juu yake.

Kwa hivyo, nikamwambia, namba si wewe. Tunayoitaka ipande ni sisi, tulale vizuri. Daktari anaitaka kwa sababu inaandikika. Mama yako anaitaka kwa sababu ni mtu wa hesabu. Wewe unachohitaji ni flukonazo, Septrin, mtu wa kukupeleka hospitali kichwa kikiuma hata kidogo, na kuwa mbali na njiwa.

Nilikuwa nimejipanga. Nilidhani nimesema kitu.

Alikuwa anapindia suruali ya mtu. Hakuinua macho. "Wewe hujawahi kulala na 87," akasema. Akakata uzi kwa meno. "Unaniambia namba si mimi. Sawa. Lakini mtu akikohoa kwenye matatu, mimi nashuka. Mteja akija na mtoto mwenye mafua, naongea naye kupitia dirisha. Hiyo ni namba inafanya hivyo. Wakinipa 300 bandia, hata kama haisaidii kitu, nitakaa kwenye matatu mpaka mwisho wa safari."

Nikamuuliza kama angekubali sindano hiyo, akijua kuhusu yule wa lupasi. Alifikiria muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema angekubali kama wangemwambia kabla, kwa lugha yake, kwamba hawajui. "Wasiniambie itanisaidia. Waniambie hatujui, tujaribu, tutakuwa hapa ikiharibika. Hiyo naweza kuweka sahihi." Kisha akaongeza kwamba kwa miezi minane hiyo, mtu pekee aliyewahi kumwambia "sijui" bila kugeuka aende kitanda kingine alikuwa yule wa viatu vilivyoisha.

Nimelifikiria sana hilo. Mimi nilikuwa naona hoja iko kwenye sindano: inafanya kazi ama haifanyi. Yeye alikuwa anaongea kuhusu nani atakuwa hapo ikiharibika. Kwenye utafiti wa kweli kuna mtu ameandikwa kazi hiyo. Ndiyo maana yule mgonjwa wa lupasi alionekana na akaondolewa. Kwenye chupa ya 4,500 hakuna. Kwenye foleni yetu ya famasia pia hakuna, na pale si kwa sababu ya utapeli, ni kwa sababu ugonjwa wake hauna dirisha. Na sindano yenyewe haiko dukani. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ICL, na Bethesda si mahali pa kwenda kwa nauli ya mchango. Tulikuwa tunabishana juu ya mlango ulio nyumba ya mtu mwingine. Ila hata hivyo nilifurahi kwamba aliulizwa. Nadhani hakuwa ameulizwa.

Nilirekebisha ule uongo. Niliandika tena kwenye kikundi: si TB, ni upungufu wa kinga ambao madaktari hawajui chanzo chake, hauambukizwi, atatumia dawa kwa muda usiojulikana. Watu watatu waliondoka kwenye kikundi. Mjomba mmoja alituma shilingi 200 na swali: "Kwa hivyo tunaomba kuhusu nini?"

Mwezi uliopita alipimwa tena. 112. Daktari alituonya mapema kwamba hizi seli hupanda na kushuka hata kwa saa za siku, na kwamba 25 si kitu cha kuandikia nyumbani. Binamu aliandikia nyumbani. Tulikuwa bado kwenye ngazi za hospitali wakati ujumbe wa sauti wa shangazi ulipoingia, dakika mbili na nusu, anamshukuru Mungu, anashukuru ile chupa, maana kumbe aliinunua kwa pensheni yake akaileta bila kuniambia. Akataja jina langu pia, kwa upole fulani wa mtu aliyeshinda.

Binamu aliusikiliza mpaka mwisho. Sikumuuliza kama alikuwa anainywa. Aliandika "Amina, Mama," akarudisha simu mkobani, akaniuliza kama nina nauli ya wawili.